Maswali ya Mpwa Wangu na Shamba la Chini

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumamosi, mpwa wangu alipobisha hodi nyumbani kwangu Bigwa. Taarifa ya habari ilikuwa imekwisha redioni na mimi nilikuwa nimeshika ufunguo wa duka, tayari kutoka. Kwa kawaida alipotoka kwa mama yake mlimani alikuja na magimbi au mkungu wa ndizi. Siku hiyo alikuja na simu tu, na shati jipya lililokuwa bado na mikunjo ya dukani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Mjomba, nina maswali machache. Naomba unijibu kwa ufupi, kama ulivyonifundisha."

Nilicheka. Nikaweka ufunguo mezani, nikakaa.

Inabidi nieleze nilimfundisha nini, na nilikipata wapi. Nina duka dogo la kutoa kopi karibu na geti la chuo, Mazimbu. Masomo yangu ya darasani yaliishia kidato cha nne. Yaliyobaki niliyaokota dukani. Wanafunzi huleta kitabu, huagiza kopi za kurasa walizopangiwa na mhadhiri, kisha wengine hawarudi kuzichukua. Karatasi hizo sikuzitupa. Nilizibana kwa pini na kuzisoma jioni nikiwa na kamusi. Ndivyo nilivyowafahamu Wayunani wa kale: kwa vipande, kuanzia ukurasa alioutaka mhadhiri hadi ukurasa ambapo hela ya mwanafunzi iliishia.

Nilimpenda zaidi yule mzee wa Athene, mwana wa fundi mawe, aliyezunguka sokoni pekupeku akiwauliza watu maana ya ujasiri na maana ya haki. Alidai hajui kitu. Alisema kazi yake ni ile ya mama yake, aliyekuwa mkunga: mtoto si wa mkunga, yeye husaidia tu atoke. Hakutoza ada. Wakati wake walikuwepo walimu wengine waliosafiri mji hadi mji wakifundisha vijana namna ya kushinda maneno na kufanikiwa, na hao walitoza, tena sana. Halafu, vizazi vingi baadaye, walikuja wale waliofundisha kugawa mambo yote katika mafungu mawili: yaliyo mikononi mwetu na yasiyo mikononi mwetu. Mmoja wao alikuwa amezaliwa mtumwa. Nilimwamini kwa sababu hiyo.

Kasoro ya elimu yangu ilikuwa kwamba karibu kila mazungumzo ya yule mzee niliyokuwa nayo yalikatika kabla ya kwisha. Kwa miaka mingi nilijua anavyoanza, sikujua anamalizaje. Nilidhani mwishoni jibu linapatikana.

Mpwa wangu ndiye mtu pekee niliyeweza kuzungumza naye habari hizi. Ni mtoto pekee wa dada yangu mkubwa. Alisomea ualimu hapo hapo Mazimbu, na jioni alikuwa akikaa dukani kwangu, tukiulizana maswali hadi wateja wakachoka kusubiri. Alipohitimu akaanza kungoja ajira. Aliomba kila zilipotangazwa. Alijitolea katika shule moja ya binafsi iliyomlipa nauli na chakula cha mchana, kisha ikaacha kumlipa nauli. Katika kungoja huko ndipo alipowakuta, kwenye simu, makocha wa maisha.

Aliniletea video zao nizisikilize. Nilizisikiliza kwa utaratibu, moja baada ya nyingine, na jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba hawa watu nawajua. Kocha anasema hana jibu, jibu unalo wewe mwenyewe, yeye anakuuliza tu. Huyo ni mkunga wa Athene. Kocha anasema shughulika na unachokiweza, usichokiweza kiache kipite. Hao ni wale wa mafungu mawili. Kocha anatoza ada na kuhama mji hadi mji. Hao ni wale walimu wa kusafiri. Mpwa wangu alifurahi mno. Kumbe kazi aliyoitamani ilikuwa na babu, tena babu wa heshima, na mjomba wake alikuwa na karatasi za babu huyo sandukuni.

Basi asubuhi ile ya Jumamosi akaniuliza.

"Mjomba, kitu kinachomfaa mtu ni kile anachokitumia au kile anachokitazama?"

"Anachokitumia."

"Na mtu aliyechoka anaweza kutumia kila alichonacho?"

"Hawezi."

"Mama amechoka?"

Dada yangu ana magoti mabovu, na anashuka mjini na karoti kichwani. "Amechoka," nikasema.

"Shamba la chini analilima lote?"

"Ukanda wa juu, kwenye mawe, ameuacha."

"Kwa hiyo ipo sehemu ya shamba isiyomfaa."

"Kwa maana hiyo, ndiyo."

"Haya. Mtu mwenye elimu asiye na cheti cha kuifanyia kazi, elimu yake ina tofauti gani na shamba lililolala?"

Hapo nikaona anakoelekea. Niliona wazi, kama unavyoiona mvua ikitokea upande wa mlima Mindu wakati kwako bado jua linawaka. Ningeweza kusimama na kuchukua ufunguo wangu. Lakini nilikuwa nasikiliza jinsi anavyopanga hatua, ndogo ndogo, bila kuruka hata moja, na nilifurahi kama mwalimu.

"Haina tofauti," nikasema.

"Sasa mtu anayeweza kuviamsha vyote viwili kwa neno lake, halafu akanyamaza, anamtendea haki dada yake?"

"Hamtendei haki."

"Na mwenye neno ni nani?"

"Mimi."

Akaegemea kiti. "Umesema mwenyewe, mjomba. Mimi sijakwambia kitu."

Kwetu Waluguru ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Dada yangu hulima, na mama yetu alilima hapo kabla yake, lakini shamba haliwezi kutolewa kwa mtu wa nje mpaka mjomba anayesimamia ukoo atamke kwa kinywa chake mbele ya watu wawili wa ukoo. Akishatamka, limetoka. Hakuna karatasi. Kumpinga baada ya hapo ni kumvua nguo mbele ya wageni, na hakuna dada afanyaye hivyo. Aliyekuwa anasimamia ukoo ni mimi.

Shamba la chini ndilo lililomlisha dada yangu. Analo lingine juu, la mawe na la kungoja mvua, lakini lile la chini liko kando ya kijito na lina mfereji. Mama yetu ndiye aliyelichongea ngazi za kukinga mteremko, akapanda majani ya tembo kwenye kila ukingo na migomba chini yake, udongo usiteremke. Udongo wake ulikuwa mweusi. Karoti, kabichi, njegere, vyote vilitoka pale.

Mpwa wangu alikuwa ameshapata mtu wa kulikodi, mfanyabiashara wa nyanya kutoka mjini mwenye gari lake la mizigo. Atalima miaka mitano, na fedha yote anatoa mara moja, milioni moja na nusu. Fedha hiyo ingelipia cheti cha ukocha katika chuo kimoja cha Dar es Salaam kilichofundisha kwa wiki mbili. Mimi nikaongeza laki sita na elfu arobaini, akiba yangu ya kununulia mashine nyingine ya kopi, kwa ajili ya kukodi ukumbi wa semina yake ya kwanza.

Maswali yale yalinifikisha kwenye ukanda wa juu tu, ule uliolala. Nilichokwenda kutamka Jumapili baada ya misa kilikuwa shamba zima, kwa sababu mfanyabiashara hakutaka ukanda. Mtu anayejua kufikiri anatakiwa aone tundu la namna hiyo akiwa amefumba macho. Mimi nililiona baadaye sana. Mpwa wangu aliniambia ameshazungumza na mama yake. Kumbe mama yake alikuwa ameambiwa kwamba mjomba ameshaamua. Nikatamka.

Watu walipoondoka nilimkuta dada nyuma ya nyumba akichambua mboga.

"Mdogo wangu, umelitamka?"

"Nimelitamka."

"Ulimuuliza nani?"

"Kijana ndiye aliyeniuliza mimi, kwa mpangilio mzuri, tukafikia…"

"Sijakuuliza nani alikuuliza. Wewe ulimuuliza nani?"

Akakung'uta ungo. "Haya. Na mimi nikalime wapi? Kwenye simu yake?"

Cheti kilipatikana. Kilikuwa na muhuri wa dhahabu, na picha ya mpwa wangu ndani ya suti aliyoazimwa na mwenzake. Semina ikafanyika katika ukumbi mmoja mjini, wenye viti hamsini vya plastiki vya kukodi. Walikuja watu kumi na mmoja. Watatu walikuwa wanafunzi niliowaomba mimi, wengine wanakwaya wenzake dada yangu, naye mwenyewe alikaa mbele kabisa na kitenge chake cha kanisani.

Mpwa wangu alizungumza vizuri. Nasema hivyo kwa haki. Alitembea mbele yetu, akanyoosha mkono: "Nani anayemiliki maisha yako?"

"Mimi!" wakaitikia wanafunzi.

"Mungu," akasema dada yangu, kwa sauti ya kawaida, na wanakwaya wakaangua kicheko.

"Mama, hapa tunazungumzia uamuzi."

"Ndiyo. Namzungumzia huyo huyo."

Baadaye tuligawiwa karatasi na kuambiwa tuandike ndoto zetu. Dada hakuandika. Mwanakwaya aliyekaa kando yake akamgusa: "Andika basi, mwanao anakuangalia."

"Niandike nini? Ndoto yangu ilikuwa karoti, na mwenye shamba sasa anamwagilia nyanya."

Hakuna aliyejiandikisha kwa mafunzo ya kulipia. Kijana akasema mwanzo ni mgumu, na mimi nikamjibu kwamba yule mzee wa Athene naye alidharauliwa. Nilisema hivyo kumfariji. Sikufikiria kwamba mzee huyo alipodharauliwa hakuwa amekodi viti.

Masika yalipokaribia, mfanyabiashara aling'oa majani ya tembo kwenye kingo zote, kisha akaikata migomba. Alitaka matuta zaidi ya nyanya, na aliyachimba kuteremka na mlima, kwa kuwa hivyo maji ya pampu hufika haraka. Dada alimfuata akamwambia. Akajibiwa kwamba shamba limekodiwa. Alinipigia simu na nikapanda mlimani kuzungumza na mtu huyo kwa adabu, nikimuuliza swali moja baada ya jingine: je, maji hufuata njia gani, je, udongo hushikwa na nini. Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Mzee, wewe mwalimu?" na akaendelea kuwaelekeza vibarua wake.

Mvua ilinyesha usiku na mchana. Siku ya tatu dada alinipigia alfajiri na kusema maneno mawili tu: "Njoo uone."

Shamba la chini lilikuwa limeteremka kwenye kijito. Palipokuwa na ngazi za mama yetu palikuwa na mwamba mweupe uliooshwa safi, na hapa na pale mti wa kuegemeza mche wa nyanya umelala. Mfereji haukuonekana hata ulipokuwa. Kijito kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na hiyo rangi ndiyo shamba lenyewe likienda zake.

Mfanyabiashara alikuwepo, amevaa mabuti. "Mvua hii sikuileta mimi," akasema kabla sijafungua mdomo. "Hata mimi nimeharibikiwa."

"Na majani, bosi, yaling'olewa na nani?" akauliza dada.

"Yalikuwa yanakula nafasi."

Nilimgeukia mpwa wangu. Uso wake ulikuwa umetulia. Mpaka leo utulivu ule ndio unaonitisha kuliko mwamba.

"Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha mafungu mawili. Mvua haiko mikononi mwangu."

"Na majani?"

"Lilikuwa shamba la mkodi. Mkodi hayuko mikononi mwangu."

"Na kumleta mkodi?"

"Mimi nilimleta, wewe ulimkubali. Neno lilikuwa lako."

Kila hatua ilikuwa sawa. Nilizipitia zote nikiwa nateremka kurudi Bigwa na sikupata pa kumkamata. Mafungu mawili niliyomfundisha yalikuwa yamempa fungu la kuwekea kila kitu, na yeye mwenyewe akabaki mikono mitupu. Na mimi nilimtafutia kosa la hoja wakati mama yake amesimama kwenye mwamba.

Wiki chache baadaye alikwenda Dar es Salaam kuomba arudishiwe sehemu ya ada. Kule aliambiwa kwamba ameshindwa kwa sababu alisoma ngazi ya kwanza tu, alipie ya pili. Alirudi mpaka Mikese, ambako nauli ilimwishia, akanipigia. Nilimfuata na pikipiki ya kukodi. Nilimkuta ameketi kando ya barabara kuu, nyuma ya magunia ya mkaa ya kuuzwa, shati lake lile lile limeingia vumbi jeusi begani. Malori yalipita na kutikisa ardhi tuliyokalia.

Nilikuwa nimepanga la kumwambia. Nilifungua mdomo.

"Mjomba," akasema, "leo naomba usiniulize kitu."

Sikumuuliza. Nilitafuta sentensi moja ambayo si swali na sikuipata. Nilimnunulia mahindi ya kuchoma, akayashika bila kula, na tukaondoka.

Sasa anaishi chumba cha nyuma kwa mama yake. Haendi mjini. Simu ameiuza. Mama yake, mwenye magoti yale, analima kibarua kwenye karoti za majirani, na jioni humpelekea chakula mlangoni. Nikipanda kumwona ananiamkia vizuri, "Shikamoo, mjomba," kisha anatazama ukuta. Nimejaribu kumweleza kwamba kungoja ajira hakukuwa kosa lake. Anaitikia kwa kichwa. Ndiyo, mjomba. Hapana, mjomba. Majibu mafupi, kama nilivyomfundisha.

Mwaka huu mwanafunzi mmoja alileta kitabu kizima badala ya kurasa, na nikiwa nakitoa kopi nikasoma mwisho wa mazungumzo yale ambayo nilikuwa nayo nusu kwa miaka yote hiyo. Hakuna jibu. Wanazungumza, kila maana inavunjika, halafu mmoja wao anakumbuka ana shughuli mahali na kuondoka. Nilisoma mwisho wa mengine mawili, nikakuta ni vile vile. Mashine ilikuwa inaendelea kutoa karatasi na mimi nilikuwa nimesimama tu.

Hapo ndipo nilipoona nilichokosea kuhusu babu na mjukuu. Yule mzee alimuuliza mtu aliyedhani anajua, akamwacha na pungufu ya alichokuja nacho. Kocha humuuliza mtu anayedhani hajui, na humwacha na ziada, ziada ya uhakika. Maswali yanafanana mpaka mtu anaweza kuyachanganya. Asubuhi ile nilikuwa nayasikiliza ya pili nikidhani ni ya kwanza. Na hata kama yangekuwa ya kwanza, sidhani kama yangemsaidia dada yangu. Alichohitaji ni mjomba aseme hapana, mara moja, kisha achukue ufunguo wake aende dukani.

Jumapili iliyopita ukoo uliniita. Tulikaa uani kwa mama mdogo wetu, mdogo wake marehemu mama, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Dada alikuwepo. Kijana hakutoka chumbani kwake kuja. Nilianza kueleza mambo yalivyopangika, tangu mwanzo, kwa utaratibu, na nilipofika kwa Wayunani mama mdogo akanyanyua mkono.

"Hao watu wako wana shamba huku?"

"Hawana, mama."

"Walikufa lini?"

"Zamani sana."

"Basi waache walale. Neno la ukoo tumelitoa kwako, atalishika mjomba mwingine aliye mdogo kwako. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Udongo hatukudai, maana huna pa kuutoa. Tunataka kujua fedha. Ile ya shamba na ile uliyoongeza wewe, yote iliyokwenda. Ngapi?"

Nilitaka kuuliza kama akiba yangu nayo inahesabiwa kuwa hasara ya ukoo au hasara yangu peke yangu. Swali lilikuwa tayari mdomoni. Dada alikuwa ananitazama, mikono yake imepasuka kwa udongo wa watu.

"Milioni mbili, laki moja na elfu arobaini," nikasema.